Kuandika programu si kazi yote
Kuna mwandishi anayedai mhandisi wa kampuni kubwa ya programu hushinda akiandika programu tu. Si kweli hata kidogo. Mimi niko Ntinda, Kampala, wenzangu wako California, na muda mwingi huishia kukagua kazi za wengine na kusubiri yangu ikaguliwe. Badiliko la mistari mitatu tu ya programu hulala bila kukaguliwa hadi kesho yake, maana wako nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja. Mkutano wao wa asubuhi kwetu ni saa mbili usiku, watoto wakidai chakula. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, tulikatika kabisa, kule kazi ikisonga. Wenzangu wa timu za ng'ambo, mnalipwa saa hizo za usiku?