Uzito wa Black Sabbath umo kwenye nyuzi zilizolegezwa

Ukitaja Black Sabbath, wapenzi wengi wa roki hukimbilia "Paranoid" ya 1970. Ni albamu nzuri, sibishi. Ila kilele cha bendi hii ya Birmingham, kwa masikio yangu, ni "Master of Reality" ya 1971, na sababu yake iko kwenye nyuzi za mpiga gitaa wake, Tony Iommi.

Iommi hupiga gitaa kishoto, kwa hiyo vidole vya mkono wa kulia ndivyo vinavyobana nyuzi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za viwili kati ya vidole hivyo, cha kati na cha pete. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa kutoka chupa ya sabuni, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba. Kisha kwenye "Children of the Grave", "Lord of This World" na "Into the Void" akalegeza nyuzi zote kwa nusu-toni tatu, ule mnene wa E ukashuka hadi C#. Mpiga besi, Geezer Butler, naye akashusha yake.

Uzi wa E hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ukiwa C# ni mara 69. Kwa uzi uleule, mvutano hupungua kwa karibu asilimia 30. Hiyo ni nafuu kwa kidole, lakini pia huupa uzi nafasi ya kuyumba kidogo kabla noti haijatulia. Ule mzigo unaousikia kifuani kwenye "Into the Void" unatoka hapo. Kelele peke yake haiwezi kuuleta.

Ukitaka kuzipiga nyimbo hizo, tyuni hivi kuanzia uzi mnene: C#, F#, B, E, G#, C#. Shusha kila uzi chini kidogo ya noti unayoitaka, halafu uupandishe. Ukiishia kwenye kulegeza tu, uzi hunasa kwenye kijifereji chake juu ya shingo, na katikati ya wimbo hushuka wenyewe. Ukimaliza zote sita, rudia tangu mwanzo, maana shingo iliyopunguziwa mvutano hujinyoosha na kuvuruga ulizokwisha kuzitengeneza. Nyuzi nyembamba za namba 9 zikilegea hivyo hugonga freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, tena ukizibana kwa nguvu noti inapanda. Za namba 11, zilizo nene zaidi, hutulia.

Wengi huharibu kwenye amplifaya. Wanafungulia mkwaruzo (distortion) hadi mwisho, na huko chini kila kitu kinageuka uji. Punguza mkwaruzo, punguza besi, ziache sauti za kati zipite, na ubane noti mbili tu, ya kwanza na ya tano za skeli. Ukiongeza ya tatu, milio inaanza kugombana.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Spika ya simu haiwezi kuitoa hiyo mitetemo 69, kwa hiyo vaa hedifoni au tafuta spika kubwa. Na usiiruke "Orchid", ile dakika moja na nusu ya gitaa lisilo la umeme: imewekwa mwanzo wa upande wa pili ili "Lord of This World" inapoingia, sikio liwe limeshazoea wepesi.