Meli ikishafunga kamba Kigoma, jenereta ya nini?

Pita gatini Kigoma wakati makuli wanapakia saruji ya kwenda Bujumbura au Kalemie. Injini kubwa ya meli imezimwa zamani, lakini bomba bado linatoa moshi. Hiyo ni jenereta ya ndani, ya kuendesha taa, feni na pampu, na itanguruma hivyo hivyo mpaka meli ing'oe nanga. Moshi wanauvuta makuli na mama lishe.

Na dizeli yenyewe imetoka mbali: reli ya Dar es Salaam hadi hapa ina kilomita kama 1,250. Mafuta yavuke nchi nzima yaje kuwasha balbu za meli iliyosimama jirani na nguzo ya umeme! Mimi naona tunajitakia hasara.

Wenzetu humchomekea nahodha waya wa gatini, naye anazima jenereta. Gothenburg kule Sweden walianza mwaka 2000, Los Angeles 2004, na kuanzia 2030 Umoja wa Ulaya unazibana meli kubwa za makontena na za abiria zifanye hivyo kwenye bandari kuu. Kwao ni kazi nzito. Meli moja ya watalii hula megawati kadhaa, tena nyingi zinatumia umeme wa hezi 60 (yaani mapigo 60 kwa sekunde) ilhali gridi ya Ulaya ni hezi 50, kwa hiyo lazima ifungwe mitambo ya kuubadilisha. Meli za Ziwa Tanganyika ni dagaa mbele ya hizo. Soketi imara, transfoma, mita, swichi ya kuhama kutoka jenereta kwenda waya wa gatini, basi.

Msiniambie zetu ni kuukuu. Meli yetu kongwe Liemba, iliyoundwa Ujerumani 1913, ilianza na mvuke ikafungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Soketi itaishinda?

Zamani ningenyamaza, maana umeme wa Kigoma wenyewe ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Tungehamisha moshi tu kutoka bandarini kwenda mtaa mwingine. Sasa gridi ya taifa imeingia mkoani, na Bwawa la Nyerere pekee limejengwa kwa megawati 2,115.

Kinachonitia shaka ni kukatika umeme, pamoja na bei. Ukikatika mara mbili katikati ya upakiaji, fundi wa meli hatagusa tena ule waya. Na uniti ikiuzwa ghali kuliko dizeli, soketi itaota kutu pale pale gatini, kwa hiyo bei ipangwe na manahodha wakiwa mezani kabla hata shimo la nguzo halijachimbwa.