Kompyuta Iliyoamriwa Inyamaze

Jamani, kompyuta kuharibika nimekubali. Kila kitu kinaharibika, hata goti langu la kushoto limeshaanza. Ninachokataa ni kompyuta kuharibika huku inakutazama. Unawasha, nembo ya Ubuntu, mfumo unaoiendesha, inakuja, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinaganda. Kosa halijaandikwa popote. Feni inavuma utadhani kazi inaendelea.

Na mimi nina duka la steshenari, si maabara. Benchi limejaa tangu asubuhi: mama wa barua ya uhamisho, vijana wa CV, mzee wa picha za paspoti ambaye hela yake nimeshainunulia mkaa.

Chanzo ni mpwa wangu. "Mjomba, tukiweka kadi kubwa ya picha tutahariri video za harusi, hela iko huko." Haya, tukanunua ya mtumba, ikachomekwa ndani ya kompyuta, draiva, yaani programu ya kuiendesha, ikawekwa, mashine ikaomba izimwe iwashwe. Ikawashwa. Ndipo tulipo.

Kila aliyepita akageuka daktari. Fundi simu wa jirani: "Mzee, hiyo RAM tu, itoe uisugue na kifutio." Tukasugua na kifutio cha dukani, ambacho kinauzwa. Kijana wa CV: virusi hivyo. Mama wa uhamisho hakutoa ushauri, aliangalia saa tu, na hilo liliniuma zaidi.

Mpwa naye akasema tuingie GRUB, ile menyu inayotangulia mfumo wenyewe. Unaingiaje? Mashine za zamani unashikilia Shift, hizi mpya unagusa Esc. Unagusa, hugongi! Ukiigonga kwa hasira unatupwa kwenye ukurasa mweusi ulioandikwa grub> na hakuna wa kukuambia uandike nini. Mimi na hasira zangu nikapelekwa huko, tukawasha tena.

Menyu ikatokea, akabonyeza e, akashuka hadi mstari unaoanza na linux. Mwisho wa mstari huo, ndugu zangu, ndipo nilipouona uonevu wenyewe: quiet splash. Yaani mashine imepewa amri tangu kiwandani. Quiet, funga mdomo. Splash, mwonyeshe mteja picha. Muda wote ule ilikuwa inajua inaumwa wapi! Imekatazwa kusema!

Tukafuta yote mawili, Ctrl na X, mashine ikafunguka mdomo. Maandishi yakashuka kwa kasi ya mtu aliyefungiwa maneno mwaka mzima, yakasimama kwenye mstari unaosema meneja wa skrini ameanza kazi. Ameanza! Meneja gani anaripoti kazini halafu haonekani? Basi, wapo.

Tukarudi GRUB, safari hii tukaongeza neno nomodeset, linalozuia draiva ya kadi isiguse skrini, itumike picha ya kuombea maji tu. Mabadiliko ya hapo ni ya kuwasha mara moja, ukizima yanapotea, kwa hiyo huwezi kuharibu sana. Ikawaka! Ila kila kitu kimepanuka. Nilipofungua paspoti za yule mzee, uso wake umekuwa boga. Akauliza, "Huyu nani?" Nikafunga faili.

Mpwa akafungua dirisha jeusi, akajaribu kuipakia draiva kwa mkono kwa amri ya modprobe. Jibu: Key was rejected by service. Ufunguo umekataliwa na huduma. Huduma ipi? Nani mkuu wake? Nimekataliwa mikopo kwa lugha laini kuliko hiyo.

Kumbe ni Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Wakati wa kuiweka, mfumo ulitengeneza ufunguo, ukaomba nenosiri, na ulipowashwa upya ukaleta ukurasa wa buluu: bonyeza kitufe chochote tusajili ufunguo. Unasubiri sekunde 10, kisha unaendelea zake. Sekunde 10! Na sekunde hizo mpwa wangu alikuwa na chapati mkono mmoja, maharage mkono wa pili, anasema, "Aah, imepita yenyewe."

Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, msingi wa hii Ubuntu yangu, mwaka 1991, mwaka 2012 alikuwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, akaulizwa kuhusu kampuni moja ya kadi za picha. Akaigeukia kamera, akainua kidole cha kati na tusi juu yake. Mwenye mali anatukana, mimi wa fotokopi nivumilie?

Tukauomba usajili wa ufunguo upya kwa amri ya mokutil, chapati nikaishika mwenyewe, mpwa akakaa vidole juu ya kibodi. Ukurasa wa buluu ukaja, Enroll MOK, yaani sajili ufunguo, ndiyo, nenosiri, washa. Skrini ikarudi saizi yake na mzee akapata uso wake.

Ila ile quiet splash nimeifuta moja kwa moja kwenye faili la /etc/default/grub, nikamalizia na amri ya update-grub. Kwangu hakuna kunyamaza. Sasa kila nikiwasha, maandishi yanamiminika na wateja wananiangalia kwa heshima mpya. Jana dada mmoja kasogea kaunta, kainamisha sauti: "Kaka, unaweza kuingia WhatsApp ya mtu?" Nikamwambia naweza laminesheni, na fotokopi pande mbili.