Tabianchi Ilibadilika Hata Zamani: Miamba Inamtetea Nani?

Mjadala wa joto la dunia ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi, hata kabla ya magari na viwanda. Husema hivyo kama aliyekwisha kumaliza ubishi. Upande wa pili humjibu kwa hasira kuwa mabadiliko ya sasa hayajawahi kutokea tangu dunia iwe dunia. Ajabu ni kwamba kauli zote mbili zina asili moja, kwenye kazi ya wanajiolojia, na zote mbili zimetufikia nusunusu.

Ya kwanza ni kweli tupu. Mwaka 1837 Louis Agassiz aliwaambia wanasayansi wenzake mjini Neuchâtel, Uswisi, kuwa barafu iliwahi kufunika eneo kubwa la Ulaya. Aliwaonyesha mawe makubwa yaliyokaa mbali na miamba yalikotoka, na miamba iliyokwaruzwa kwa mistari inayoelekea upande mmoja. Wengi walimbishia. Leo hakuna mwanajiolojia anayetilia shaka kwamba takriban miaka 21,000 iliyopita maji mengi yalikuwa yamegandia nchi kavu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita zaidi ya 120 ukilinganisha na sasa. Kwa hiyo anayetukumbusha kuwa tabianchi hubadilika hafichui siri yoyote. Maswali yenye uzito ni matatu: nini kiliibadilisha, kwa kiasi gani, na kwa kasi gani. Miamba, mashapo na barafu hujibu maswali hayo matatu kwa nguvu zisizolingana, na mabishano mengi yanatokana na kutolijua hilo.

Tuanze na barafu. Katika Antaktika theluji huanguka, haiyeyuki, na tabaka la mwaka huu hulalia la mwaka jana. Uzito ukizidi, theluji hushikamana kuwa barafu na kufungia ndani yake viputo vya hewa ya wakati huo. Watafiti hushusha keekee yenye uwazi katikati na kutoa mche wa barafu, yaani nguzo ndefu nyembamba, kipande baada ya kipande. Mche wa Dome C, uliochimbwa na mradi wa Ulaya uitwao EPICA, una urefu wa zaidi ya mita 3,200 na unarudi nyuma miaka 800,000. Mwanzoni mwa 2025 mradi uliofuata ulitangaza kupata barafu ya miaka isiyopungua milioni 1.2. Kipande kikipondwa ndani ya chombo kisicho na hewa, viputo hupasuka na hewa ya kale hupimwa yenyewe, si kivuli chake. Ndiyo maana najua wachache wanaobishana na namba hizi: kwa miaka 800,000 hewa ya ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa kila sehemu milioni za hewa. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315. Sasa imepita 420.

Joto lenyewe halipimwi hivyo. Hakuna kiputo kilichohifadhi nyuzi za joto, kwa hiyo hutafutwa kwa njia ya kuzunguka. Oksijeni ina aina nyepesi na aina nzito. Maji yenye oksijeni nzito hutangulia kudondoka mvuke unapopoa, hivyo kadiri hali inavyokuwa baridi, theluji inayofika ncha ya dunia huwa na upungufu mkubwa zaidi wa oksijeni nzito. Baharini kuna foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo vingi havizidi punje ya mchanga. Hujenga magamba ya chokaa, hufa, huzama, na magamba hubaki kwenye tope la sakafu ya bahari. Mtafiti huchuja tope, huokota magamba ya aina moja kwa brashi nyembamba chini ya hadubini, kisha hupima uwiano wa oksijeni ndani yake. Tatizo ni kwamba uwiano huo hubadilishwa na mambo mawili kwa pamoja, baridi ya maji na wingi wa barafu iliyoko nchi kavu, na kuyatenganisha kunahitaji vipimo vingine, kwa mfano kiasi cha magnesi ndani ya gamba lilelile. Hata hivyo ni magamba haya yaliyowawezesha Hays, Imbrie na Shackleton kuonyesha mwaka 1976 kwamba enzi za barafu hufuata mabadiliko ya mzingo (njia ya kulizunguka Jua) na mwinamo wa Dunia, kama Milutin Milanković alivyokuwa amekokotoa miongo kadhaa kabla.

Sasa twende kwenye hoja ambayo wenye shaka huipenda kuliko zote, na kwa kweli si hoja ya kupuuzwa. Wanasema: katika mche wa barafu, joto la Antaktika hupanda kwanza, hewa ya ukaa hufuata baada ya mamia ya miaka. Kama ndivyo, basi hewa hiyo ni tokeo la joto, si chanzo chake. Utafiti wa Caillon na wenzake wa mwaka 2003, uliochunguza mwisho wa enzi moja ya barafu miaka takriban 240,000 iliyopita, ulipata tofauti ya miaka 800 hivi, na hakuna aliyeificha.

Lakini tazama namba hiyo inavyopatikana. Theluji haifungi viputo siku inapoanguka. Hewa huendelea kupenya hadi kina cha makumi ya mita, wakati mwingine mia, ndipo matundu huziba. Maana yake hewa iliyomo ni changa kuliko barafu inayoizunguka, na pale theluji inapoanguka kidogo tofauti hiyo hufika maelfu ya miaka. Kusema kipi kilitangulia kunahitaji kwanza kukisia kina cha kuziba, na kosa dogo hapo linatosha kugeuza jibu. Mwaka 2013 Parrenin na wenzake walitumia nitrojeni ya ndani ya viputo kukadiria kina hicho kwa mwisho wa enzi ya barafu ya karibuni, wakaona joto la Antaktika na hewa ya ukaa vikipanda karibu sambamba. Mwaka mmoja kabla, Shakun na wenzake walikusanya kumbukumbu 80 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, si Antaktika pekee, wakaona joto la dunia kwa ujumla likiifuata hewa ya ukaa.

Mimi nadhani hata kama ucheleweshaji ule wa miaka 800 ungebaki, hoja isingesimama. Mzingo wa Dunia unaweza kuanzisha joto, bahari ikatoa hewa ya ukaa kwa sababu ya joto hilo, kisha hewa hiyo ikaongeza joto na kulisambaza hadi pande ambazo mzingo peke yake usingezifikia. Kitu kinaweza kuwa tokeo na chanzo kwa wakati mmoja. Isitoshe, zamani hapakuwa na mtu wa kuchimba kaboni ardhini na kuitangulizia angani. Mwenye shaka ana haki ya kudai mpangilio wa matukio uwekwe wazi; hana haki ya kuishia hapo.

Hoja yao nyingine ni ya kipindi cha Odovisi, miaka milioni 445 hivi iliyopita, ambapo barafu ilitanda ingawa hewa ya ukaa ilikuwa nyingi kuliko leo. Hii ni nyepesi zaidi. Jua la wakati huo lilikuwa dhaifu kwa takriban asilimia 4, na mabara hayakukaa yalipo sasa.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wanaotahadharisha juu ya joto la sasa nao huvutia. Kosa lao kubwa liko kwenye neno "kasi". Mfano wanaoutegemea ni tukio la miaka milioni 56 iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha Eosini. Kaboni nyingi ilimwagika angani na baharini, dunia ikapata joto la nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, bahari ikawa na tindikali zaidi, na hali ilichukua zaidi ya miaka 100,000 kutulia. Mwaka 2016 Zeebe na wenzake walikadiria kuwa kaboni ya wakati ule ilitoka kwa muda usiopungua miaka 4,000, kwa wastani wa kama tani bilioni 1 kwa mwaka. Sisi tunatoa karibu tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka. Hapo ndipo inapotoka kauli kwamba hatujawahi kuona kasi kama hii.

Ugumu ni huu. Tope la bahari kuu huongezeka kwa sentimita chache tu katika miaka 1,000, na minyoo ya sakafuni hulivuruga hadi kina cha sentimita 10 hivi. Sampuli moja basi inaweza kuchanganya karne nyingi pamoja. Mwaka 1981 Peter Sadler alionyesha kwamba kasi ya kujikusanya kwa mashapo huonekana ndogo kadiri unavyoipima kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu vituo na mapengo yote huingizwa kwenye hesabu. Mwaka 2015 Kemp na wenzake waliikuta hali hiyohiyo kwenye kasi ya mabadiliko ya tabianchi. Ongezeko la ghafla la karne moja lililofuatiwa na utulivu wa maelfu ya miaka lingeweza kufutika kabisa kwenye kumbukumbu ya mashapo. Kulinganisha kipimajoto cha mwaka jana na tabaka la miaka 5,000 si haki kwa upande wowote.

Tena barafu ya Greenland, ambayo kwa sehemu yake ya juu husomeka mwaka kwa mwaka, inaonyesha kuwa miaka 11,700 hivi iliyopita joto la huko lilipanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya miongo michache. Asili inaweza kwenda mbio. Ni kweli mbio hizo zilikuwa za eneo, zikiambatana na mabadiliko ya mikondo ya Atlantiki, si za dunia nzima. Lakini "haijawahi kamwe" ni kauli kubwa kuliko ushahidi. Ninayoweza kuitetea ni hii: kwa tukio kubwa la dunia nzima lililopimwa vizuri kwa miaka milioni 56, hakuna dalili ya kaboni kumwagika kwa kasi ya sasa.

Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kuona jinsi pande zote zinavyoweza kuteleza. Barafu ya kilele ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia 2000 zilibaki kama 2.6. Lonnie Thompson na wenzake walichimba miche sita huko mwaka 2000, wakasema ya chini ina umri wa miaka 11,700, na mwaka 2002 wakakadiria kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka. Kaser, Mölg, Hardy na wengine walipinga kwa hoja nzito: pale juu joto la hewa hukaa chini ya kuganda, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, na kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ilipokauka. Walitilia shaka hata kwamba barafu ile imedumu bila kukatika tangu miaka 11,700. Thompson alijibu mwaka 2009 kwamba sentimita 65 za juu za mche mmoja zina viputo vilivyorefuka, alama ya kuyeyuka, ambavyo havionekani chini yake. Nikipima, naona ukame una sehemu kubwa katika kisa cha mlima huu, na aliyeufanya picha ya kwanza ya joto la dunia alichagua mfano mgumu. Lakini kushindwa kwa mfano mmoja hakugusi namba za Dome C.

Kuhusu chanzo cha ongezeko la sasa, jiolojia haiyumbi. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, kwa hiyo makaa ya mawe na mafuta, ambayo ni mabaki ya viumbe hai wa kale, yana upungufu wa kaboni 13, aina iliyo nzito zaidi. Pia hayana kaboni 14, aina inayooza yenyewe taratibu, hata chembe, maana nusu yake huisha kila miaka 5,730 na wao wamekaa mamilioni. Hewa ya leo inapungukiwa na zote mbili kwa namna inayolingana na uchomaji wa mafuta hayo, jambo ambalo Hans Suess alianza kulionyesha miaka ya 1950. Volkeno, zinazosingiziwa sana, hutoa takriban asilimia 1 au pungufu ya tunachotoa sisi. Na ardhi yenyewe inalihisi joto: mwaka 2000 Huang, Pollack na Shen walisoma joto ndani ya visima 616 vya utafiti katika mabara yote isipokuwa Antaktika, wakaona uso wa nchi umepanda kwa nyuzi 1 hivi kwa karne tano, nusu yake ikiwa ya karne ya 20.

Linalobaki na utata wa kweli ni bahari. Miaka takriban 125,000 iliyopita joto la dunia lilikuwa kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja na nusu juu ya lile la kabla ya viwanda, yaani palepale tulipo sasa, na bahari ilisimama mita 5 hadi 10 juu zaidi. Mwenye wasiwasi huona hapo hatima yetu. Mwenye shaka hujibu, kwa haki, kwamba mzingo wa wakati ule ulipeleka jua kali zaidi kaskazini wakati wa kiangazi na joto lilidumu maelfu ya miaka. Matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya maji ya leo huonyesha bahari ilifika wapi. Ilichukua karne ngapi ni jambo linalotafutwa bado, kwa kupima urani na thori ndani ya matumbawe hayo ili kujua umri wake, na kusahihisha kupanda au kuzama kwa pwani yenyewe. Kwa anayepanga bandari au ukuta wa kuzuia maji, tofauti ya mita moja kwa karne na mita moja kwa karne tano ni tofauti ya kujenga na kuhama, na makadirio yaliyopo leo bado yana nafasi ya yote mawili.