Faili lipo, kompyuta inasema halipo

Katika ujumbe wote wa makosa wa Linux, naamini hakuna unaowapotezea watu muda kama ule unaosema faili au folda haipo. Ukitazama kwa `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, faili lile pale. Ruhusa ziko sawa. Ukiliendesha, unaambiwa tena halipo.

Hutokea sana kwenye Docker, zana inayofunga programu ndani ya imeji na kuiendesha kwenye kontena. Mtu ameandika `entrypoint.sh`, skripti ya kuanzisha kontena, akiwa kwenye Windows, akajenga imeji vizuri, lakini kontena linazima papo hapo. Skripti haijapotea. Mtindo wa Windows hufunga kila mstari kwa herufi mbili, Linux hutarajia moja, na ile ya ziada haionekani kwenye skrini. Basi mstari wa kwanza, `#!/bin/bash`, unaotaja programu ya kuendesha skripti, unabeba mkia, na kerneli, kiini cha mfumo, inakwenda kutafuta programu yenye jina pamoja na mkia huo. Haiipati. Inarudisha ENOENT, yaani kosa la "haipo", namba tupu isiyotaja kilichokosekana, na programu iliyoipokea inaibandika kwenye jina pekee iliyo nalo: la skripti yako. Ndivyo ilivyo pia ukichukua programu iliyojengwa kwa glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, ukaiweka kwenye Alpine, Linux ndogo inayotumia maktaba nyingine, musl. Inayokosekana ni programu ya kupakia maktaba zake, ila lawama inaangukia faili ambalo halina kosa.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli huu umeandikwa. Fungua `man 2 execve`, ukurasa wa mwongozo kuhusu mwito wa kuendesha programu, shuka hadi kwenye makosa: ENOENT hutokea faili lenyewe lisipokuwepo, au isipokuwepo programu inayopaswa kuliendesha. Lakini ukurasa huo umeandikwa kwa ajili ya watu wa lugha ya C. Anayejifunza kazi, bosi anamsubiri, atajuaje kwamba jibu liko huko? Hajawahi hata kusikia kuna kitu kinaitwa `execve`.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaojibu kila swali kwa "kasome nyaraka". Ujumbe wa kosa ni sehemu ya nyaraka, tena ndiyo sehemu inayosomwa na kila mtu, saa ileile anapoihitaji. Na inawezekana kuuandika vizuri. Matoleo ya zamani ya Bash, programu inayopokea amri kwenye terminali, yakikutana na skripti ya namna hii, yalisema programu ya kuiendesha ndiyo mbovu, na yalikuonyesha `^M` pale mkia ulipo. Lugha ya Rust imekwenda mbali zaidi: makosa yake mengi yana namba, na ukiandika `rustc --explain E0382` unapata maelezo kamili pamoja na mifano ya msimbo.

Kama unatunza zana ya terminali, tafuta kila mahali inapochapisha ENOENT. Taja njia kamili ya kitu ulichokitafuta. Kabla ya kusema faili halipo, hakikisha kweli halipo. Likiwepo, mwambie mtu atazame mstari wake wa kwanza. Ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Na swali lilelile likirudi kwako tena na tena, rekebisha ujumbe kwanza, kabla hujaongeza aya nyingine kwenye nyaraka.