Kisu cha kwanza cha mfukoni kiwe kidogo, chembamba na rahisi kunoa

Mtu akishaamua kwamba anataka kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, swali lake la kwanza huwa ni chuma. Chuma gani kizuri? Akianza kusoma anakutana na majina kama namba za usajili wa magari: S30V, D2, 14C28N, 8Cr13MoV. Kichwa kinamuuma, na mwishowe ananunua kikubwa na kizito kuliko vyote alivyoweza kumudu. Kinavuta suruali chini siku mbili tatu, kisha kinahamia kwenye droo.

Mimi nasema chuma kiulizwe mwisho. Kwanza jiulize utakata nini, tena ujibu kwa ukweli. Kwa wengi wetu orodha ni fupi: selotepu ya maboksi, kamba, bahasha, uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati, mfuko wa plastiki uliogoma kufunguka, tunda. Mara mojamoja kuchonga kijiti au penseli. Hakuna hata kimoja hapo kinachodai ubapa, yaani kile chuma kinachokata, wa sentimita 10. Sentimita 6 hadi 8 zinamtosha karibu kila mtu, na anayeshinda ofisini anaweza kumaliza mwaka mzima na sentimita 4 bila kupungukiwa kitu.

Ukubwa una ubaya mwingine ambao wauzaji hawautaji: kisu kikubwa utaona haya kukitoa mbele za watu. Fungua kisu cheusi chenye ncha ndefu, kinacholia "tak", ili ukate lebo ya shati la mwenzako, uone atakavyorudi nyuma. Kisu kidogo cha mpini mwekundu au wa mbao hakimshtui mtu, na hicho ndicho utakachokitumia.

Na kama nia yako ni kujihami, achana nacho kabisa. Kisu cha kukunja ni kifaa cha kazi. Kwenye purukushani huchukua muda kufunguka, na kisipokuwa na kufuli ya kuushikilia ubapa ukiwa wazi kinaweza kukunjika juu ya vidole vya mwenyewe.

Kabla ya kwenda mbele zaidi, soma sheria ya mahali unapoishi na unapokwenda, maana zinatofautiana mno. Uingereza, kwa mfano, inakuruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, lakini kisiwe na kufuli. Chenye kufuli, hata kiwe kidogo namna gani, kinahitaji sababu ya msingi. Ujerumani, tangu 2008, imezuia kubeba hadharani kisu chenye kufuli kinachofunguka kwa mkono mmoja, isipokuwa kwa sababu inayokubalika. Kwingine hesabu ni ya urefu tu. Usimwamini muuzaji kwenye hili. Yeye anauza, wewe ndiye utakayesimamishwa.

Hilo linatuleta kwenye kufuli, na hapa nina msimamo ambao wengi wataukataa: kwa kisu cha kwanza, kisicho na kufuli ni mwalimu mzuri zaidi. Kisu cha namna hii kina springi ya chuma mgongoni inayoukandamiza ubapa usifunguke wala kujikunja ovyo, ila hakuna kinachoufunga. Ukisukuma mgongo wake kwa nguvu, unajikunja. Kwa hiyo unajifunza mapema kukata kwa kuelekeza nguvu upande wa makali, kutochimba kwa ncha, na kutolazimisha. Mtu aliyeanza na kufuli imara mara nyingi huishia kukifanya kisu patasi.

Wanaotaka kufuli wana hoja pia, hasa wanaofanya kazi za nje, na mikono yao huwa na jasho au maji. Basi wajue wanachonunua. Kufuli inayoonekana sana siku hizi ni ile ya bamba jembamba lililo ndani ya mpini: ukifungua kisu, bamba hujisukuma lenyewe na kukaa nyuma ya kisigino cha ubapa. Kukikunja, unalisukuma bamba pembeni kwa kidole gumba. Sasa angalia gumba lako liko wapi wakati huo: limekaa kwenye njia ileile ambayo ubapa unapita ukirudi. Unatakiwa usogeze ubapa kidogo tu, utoe gumba, ndipo umalizie. Mashoto nao wakumbuke kwamba visu vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Kufuli ya mgongoni, ile ya kubonyeza kwenye mgongo wa mpini, haina upendeleo huo.

Ya tatu ndiyo niipendayo kwa urahisi wake, nayo ni pete. Opinel, kisu cha Ufaransa kilichoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, kina pete ya chuma shingoni ambayo unaizungusha kwa vidole ili ubapa usirudi. Pete hiyo iliongezwa 1955. Hakuna springi ya kuchoka. Visu vyenyewe hupewa namba kwa ukubwa. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5, na namba 6 ni kama sentimita 7. Mpini ni wa mbao, na mbao ikinywa maji huvimba na kuung'ang'ania ubapa hata kucha isiweze kuutoa. Watu wa Savoie wana dawa yake: unakishika kisu kikiwa kimekunjwa na kugonga kisigino cha mpini juu ya meza, ubapa unachungulia wenyewe. Ukikinunua, chukua cha chuma cha pua. Kile cha chuma cha kaboni hunoleka vizuri ajabu, lakini kikate tunda chachu halafu ukisahau bila kukifuta, utakuta madoa, na baadaye kutu.

Haya, tuje kwenye chuma chenyewe. Chuma kigumu hushika makali kwa muda mrefu, hilo halina ubishi. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, viko karibu na 56, na vyuma vya bei kali kama S30V viko karibu na 60. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ukikaa na jiwe unaiona. Kile cha 56 kitapoteza makali haraka, na utayarudisha kwa dakika chache kwenye jiwe la kawaida. Kigumu kitakaa na makali, na siku yakiisha, mtu asiyejua kunoa atakisugua hadi achoke. Wenye visu vya namna hiyo mara nyingi hutembea na visu butu vya chuma ghali. Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Chuma haikukitaja.

Tena kuna jambo linalozidi chuma, nalo ni unene. Ubapa wa Opinel namba 8 hauna hata milimita 2 mgongoni, na unateremka taratibu mpaka kwenye makali. Visu vingi vya mtindo wa kijeshi vina milimita 3 au 4. Chukua vyote viwili, vyenye makali sawa, ukate tufaha: chembamba kinapita, kinene kinalipasua kabla hakijafika katikati. Kwa hiyo dukani usitazame kisu kwa ubavu tu. Kielekeze usoni kwako kikiwa wazi, makali juu, utazame ni kinene kiasi gani pale makali yanapoanzia.

Kunoa kwenyewe, kwa ufupi. Jiwe la grit 1000, yaani la chembe za wastani, latosha kuanzia. Simamisha ubapa wima juu ya jiwe, hizo ni nyuzi 90. Ulaze nusu, 45. Ulaze nusu tena, uko kwenye 22 hivi, na hapo panakutosha. Shikilia pembe hiyo na usugue upande mmoja tu mpaka, ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, si kwa kufuata urefu wake, uhisi kitu kinachokwaruza upande wa pili. Ni uzi mwembamba sana wa chuma uliopinduka. Usipouhisi bado hujafika, hata kama mkono umechoka. Ukiuhisi kuanzia shinani hadi nchani, geuza, ufanye vivyo hivyo, kisha punguza nguvu polepole na umalizie kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kwa kurudi nyuma. Jaribu kwenye karatasi: kikikata bila kukwama, weka mfukoni.

Ukinibana nitaje kimoja, nitataja Victorinox ndogo ya mpini wa alumini, ile Cadet ya milimita 84. Karakana ya Karl Elsener, iliyokuja kuwa Victorinox, ilianza 1884 huko Ibach, Uswisi, na mwaka 1891 ikaanza kuwapelekea askari visu. Kuanzia hapo wamekuwa na muda wa kutosha kurekebisha kasoro. Ni chembamba, hakina kufuli, na kina tupa ya kucha na kifungua chupa juu yake. Asiyetaka hata hicho achukue ile ya milimita 58 yenye mkasi. Huo mkasi utautumia kuliko ubapa.

Popote utakaponunua, kishike kwanza. Kikiwa kimefungwa, ubapa ukae katikati ya mpini bila kugusa ukuta. Kikiwa wazi, utikise kulia na kushoto: usicheze. Chenye kufuli, sukuma mgongo wa ubapa kwa kiganja, vidole vikiwa nje ya njia. Kikilegea, mrudishie mwenyewe. Klipu ya mfukoni ni suala la mazoea, ingawa hukwaruza viti na rangi za magari.

Nyumbani kinataka tone moja la mafuta kwenye ekseli, pale ubapa unapozungukia, kila kinapoanza kuwa kigumu kufungua, na kama unakatia matunda, yawe mafuta yasiyo na madhara yakiingia tumboni. Kisitumike kama bisibisi. Ncha huvunjika kwenye skrubu kuliko mahali pengine popote. Na ukiwa na safari ya ndege, kihamishie kwenye begi linalokwenda chini. Ukikisahau kwenye begi la mkononi, huenda kikabaki kwa wakaguzi.