Chanjo ya Gumboro: Kalenda au Kipimo cha Damu?

Mfugaji anayenunua vifaranga wa kisasa hapa Tanzania kwa kawaida hupewa na ratiba ya chanjo: mdondo (Newcastle) siku ya 7, Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28. Ratiba hutofautiana kidogo kati ya muuzaji mmoja na mwingine, lakini zote huhesabu siku tangu kuanguliwa. Watafiti wa magonjwa ya ndege, kwa upande wao, wanashikilia kwamba siku ifaayo kuchanja Gumboro hujulikana kwa kupima damu ya vifaranga wenyewe.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1962, baada ya kuzuka katika eneo la Gumboro, jimbo la Delaware, Marekani. Virusi vyake hushambulia bursa, tezi ndogo iliyo juu ya tundu la haja, ambamo hukomaa chembe zinazotengeneza kingamwili, na dalili huwa kali zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 6. Kifaranga aliyenusurika huweza kubaki na kinga dhaifu kiasi kwamba hata chanjo ya mdondo haimshiki sawasawa. Ndiyo maana hasara ya Gumboro mara nyingi huandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Kiini cha mjadala, na ndicho kipimo cha damu kinachopima, ni kingamwili ambazo kifaranga hurithi kutoka kwa mama yake kupitia kiini cha yai. Zinamlinda siku za mwanzo, lakini hizohizo huua virusi hai vya chanjo kabla havijafanya kazi. Kwa kuku wa nyama hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3 hivi, na kwa kuku wa mayai huchukua takriban siku 5. Tuchukue vifaranga wawili wa nyama kutoka boksi moja, mmoja akiwa na kingamwili mara nne ya mwenzake: wa kwanza atafikia kiwango cha kupokea chanjo siku 6 hivi baada ya wa pili. Ukiwachanja siku moja, mmoja atakuwa amechelewa au mwingine atakuwa amewahishwa, na ukisubiri wote walingane, virusi vya mtaani, yaani vya ugonjwa wenyewe, ambavyo huweza kudumu bandani zaidi ya siku 100, havisubiri.

Hapa ndipo kalenda inapopata utetezi wake, na ni utetezi mzito kuliko baadhi ya wasomi wanavyokubali. Kuchanja mara mbili, kwa wiki mbili kati, ni njia ya kuwanasa wa mapema na wa baadaye bila kujua nani ni nani. Mfugaji mwenye vifaranga 200 hana sababu ya kiuchumi ya kutoa damu ya vifaranga 20, kuisafirisha hadi maabara na kusubiri majibu, wakati chupa nzima ya chanjo ya dozi 1,000 haimgharimu sana. Isitoshe, majaribio mengi ya chanjo hufanywa kwa vifaranga maalumu wasio na kingamwili za mama, wanaolelewa mahali safi mno. Matokeo yake hayahamii moja kwa moja kwenye banda la maranda kule Kibaha.

Hata hivyo, kalenda ina udhaifu usiozibwa na dozi ya pili. Chanjo kali za Gumboro hupenya kingamwili za mama zikiwa bado juu, jambo linalowavutia wauzaji, lakini kwa kifaranga aliyerithi kinga kidogo chanjo hiyohiyo huweza kujeruhi bursa. Kumpa kila mtu aina kali “kwa usalama” ni ushauri nisioukubali. Na chanjo ikishindwa, lawama humwendea muuza duka kwamba ameuza chanjo feki, au maji ya bomba yenye klorini, inayoua chanjo inayonyweshwa. Sababu hizo ni za kweli mara nyingine, ila umri wa kuchanja hauchunguzwi kabisa.

Zipo chanjo mpya zilizobebeshwa ndani ya virusi vya herpesi vya bata mzinga, ambazo hazizuiwi na kingamwili za mama na hutolewa palepale kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga siku ya kuanguliwa. Zinatatua hesabu ya siku, lakini nyingi huhitaji naitrojeni kimiminika kuzihifadhi, kwa hiyo uamuzi unahamia kwa mtotoleshaji mkubwa.

Kwa maoni yangu, kituo cha kutotolesha ndicho kinachopaswa kubanwa hata kwa chanjo za kawaida. Kituo ndicho kinachoweza kujua kuku wazazi walichanjwa lini na kwa chanjo gani, na kinaweza kupima sampuli moja kwa niaba ya wanunuzi wengi, kisha kuandika kwenye risiti siku ya kuchanja kundi hilo. Kikwazo ni kwamba kituo kinachochanganya mayai ya wazazi wa umri na chanjo tofauti kitapata wastani usiomfaa kifaranga yeyote, na kuyatenganisha mayai hayo kunakula nafasi ya mashine na fedha.